NYUKI, MAJI NA MITI YETU: TULIKOTOKA NA TULIPO

 Tumefika miaka kumi tukiwa bado pamoja. Historia ya sanduku letu la fedha ameiandika mweka hazina. Mimi nimeona niandike ile ya nyuki, maana mwaka huu kuna swali juu yao na lazima tulijibu kwenye mkutano mkuu.

Wapo wenzetu wanaosema mizinga iuzwe, fedha tugawane. Sababu yao ni kwamba kiangazi maji ni ya kununua au ya kubeba kichwani, na si haki kumpa mdudu maji wakati mtoto ana kiu. Jamani, swali hilo si la kudharau. Mwenye kulibeza hajabeba ndoo. Mie nalijibu kwa kutazama nyuma.

Maji ya Ugogo yalikuwa na bei tangu zamani

Nchi yetu hii mvua yake ni msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, baada ya hapo ni jua na vumbi. Karne ya 19 misafara ya biashara ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikuwa lazima ipite Ugogo. Ikishatoka Mpwapwa ilivuka nyika kavu iliyoitwa Marenga Mkali, maana yake maji machungu. Walipofika kwetu, watemi walidai hongo ya vitambaa na shanga, ndipo msafara uruhusiwe kuchota maji na kununua chakula. Wazungu Burton na Speke walipita mwaka 1857 wakalipa, na Stanley naye alilipa mwaka 1871. Kwa hiyo maji ya kulipia hayakuanza na ndoo za siku hizi.

Wakati huo asali ilikuwa kazi ya wanaume. Mzinga ni gogo lililochongwa na kutundikwa juu ya mti, na mrinaji hupanda usiku na moshi. Mwanamke hakupanda mti. Yeye alipokea asali nyumbani, akaitumia kwa chakula, dawa ya kifua na pombe ya sherehe. Lakini mtunza nyuki wa kweli alikuwa pori lenyewe. Migunga, mikwaju na mibuyu ilitoa maua, na madimbwi ya korongoni yalitoa maji. Hakuna mtu aliyemwekea nyuki karai.

Pori lilipoanza kuondoka

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilileta mradi mkubwa wa karanga hapo Kongwa. Walitaka kulima zaidi ya ekari milioni tatu katika Tanganyika. Matrekta yakaja kung'oa pori. Ndani ya mibuyu yenye mashimo walikaa nyuki, na mbuyu ulipoguswa walitoka kwa hasira, wakawauma wafanyakazi hadi wengine wakalazwa hospitali. Udongo nao ukikauka ulikuwa mgumu kama saruji, na maji yalikuwa shida. Mwaka 1951 mradi ulifungwa, na hasara yake ilikuwa paundi milioni 36 hivi. Karanga hazikupatikana za maana, na pori lililong'olewa halikurudi kesho yake.

Baada ya Uhuru tulipata ukame mkali wa mwaka 1969, kisha ikaja Operesheni Dodoma mwaka 1971, watu wakahamishiwa vijijini. Shule na zahanati zilisogea karibu, hilo ni jema. Lakini watu walipokaa pamoja, miti ya karibu iliisha kwa kuni, mkaa na mashamba, na aliyekuwa na mizinga porini sasa alikuwa mbali nayo.

Ardhi inaweza kurudi

Kondoa ndiyo iliyotufundisha. Makorongo kule yalikuwa ya kutisha, ng'ombe wengi, nyasi hakuna. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, tuliouita HADO, kwa msaada wa Sweden. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika, na watu waliumia sana kwa hilo, tusifiche. Hata hivyo nyasi, vichaka na miti vilirudi, na penye maua nyuki hawakosi.

Kisha kuna hii kazi ya Kisiki Hai. Asili yake ni Maradi, nchi ya Niger, ambako miaka ya 1980 Mwaustralia Tony Rinaudo aliona kwamba visiki shambani bado vina mizizi hai. Unachagua machipukizi machache yenye nguvu, mengine unayapogoa, unayalinda, mti unarudi bila kununua mche. Hapa Dodoma kazi hiyo imeenezwa na LEAD Foundation, na tangu mwaka 2018 wakishirikiana na Justdiggit. Sasa sikilizeni ajabu. Mtindo wetu wa kuweka na kukopa nao una asili hiyohiyo! Mwaka 1991 shirika la CARE lilianza vikundi vya namna hii kwa wanawake wa Maradi. Kwa hiyo sanduku letu na kisiki chetu wanatoka kijiji kimoja, kama ndugu. Vyote viwili ni kutunza kidogo ulicho nacho mpaka kiwe kikubwa.

Mzinga ulishuka chini

Kilichomwingiza mwanamke katika ufugaji nyuki ni mzinga wa sanduku wenye vijiti vya kulaza juu, uliotengenezwa Kenya miaka ya 1970. Huo hauhitaji kupanda mti. Unauning'iniza usawa wa kiuno, unainua kijiti kimoja kimoja. Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ilitoka mwaka 1998 na Sheria ikafuata mwaka 2002. Naye Mheshimiwa Mizengo Pinda, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015, alifuga nyuki shambani kwake Zuzu, hapa hapa Dodoma, watu wakaona kwamba kumbe ni kazi ya heshima.

Nyuki wetu wa Afrika ana tabia mbili za kukumbuka. Kwanza ni mkali, ndiyo maana mizinga yetu iko mwisho wa shamba, mbali na mlango, njia na zizi. Pili, akikosa chakula na maji haning'inii kusubiri kufa, anahama. Miezi ya hatari ni Agosti hadi Novemba. Maji anayatumia kupoza mzinga na kulainisha asali ya kulishia watoto wake. Ukimnyima ataenda bombani au kwenye mtungi wa jirani, na hapo ndipo watoto wanapoumwa na ugomvi unaanza.

Hesabu ya ndoo

Sasa tuje kwenye swali letu. Siku ya joto kali mzinga mmoja wenye nyuki wengi unaweza kutumia kama lita moja ya maji. Maana yake ndoo moja ya lita 20 inatosha mizinga miwili kwa siku kumi. Hatumnyang'anyi mtoto. Tunatumia beseni pana au kipande cha chungu, kikae kivulini, kijae mawe na mabua ya mtama, kwa sababu nyuki hajui kuogelea, asipopata pa kutua anazama. Kila baada ya siku mbili maji yabadilishwe, mbu wasizaliane, na yale ya zamani yamwagiwe mche. Yasiwe na sabuni. La muhimu kuliko yote, yasikauke hata siku moja, maana nyuki akishazoea mahali pengine ni kazi kumrudisha.

Maua nayo ni ya kupangiwa zamu kama tunavyopangiana zamu za mikopo. Mvua zikianza tunao mikwaju. Machi na Aprili ni alizeti. Baadaye ni mbaazi. Mlonge, mpapai na kivumbasi vilivyo karibu na jiko vinaishi kwa maji ya kuoshea mboga, navyo vinachanua wakati pori limekauka. Na alizeti iliyotembelewa na nyuki hushika mbegu vizuri zaidi, kwa hiyo hata mwanachama asiyekula asali anakula faida. Tuombane tu tusipulizie dawa mashambani na kwenye zabibu wakati wa asubuhi nyuki wakiwa kwenye maua.

Wanachama wenzangu, pori lililokuwa likiwatunza nyuki bure limepungua. Kazi ile sasa imeangukia uani kwetu, kwa mwenye beseni. Tukiuza mizinga tutagawana fedha mara moja na zitaisha kabla ya mvua. Tukiitunza, wahenga walisema fuata nyuki ule asali.

Kwa hiyo pendekezo langu mezani ni haya: mizinga isiuzwe, maji ya kiangazi yalipwe na mfuko wa jamii wa kikundi, asibebeshwe mama mmoja, na kila mwanachama aache visiki hai vitatu shambani kwake. Mpige kura kwa uhuru. Mkiamua vingine nitafuata, ila nimesema.

 Akina mama oyee! Nyuki oyee!

Mwenyekiti