Chavua, Pingili na Mkono wa Mkulima: Historia ya Mtiririko wa Vinasaba katika Muhogo wa Nachingwea na Ruangwa

Mijadala ya kitaaluma kuhusu mazao ya uhandisi jeni huanza, mara nyingi, na swali la umbali: chavua ya shamba moja yaweza kufika mita ngapi katika shamba la jirani? Kwa upande wa mpunga, jibu linajulikana vya kutosha. Mpunga hujichavusha wenyewe, chavua yake hufa ndani ya dakika chache, na uchavushaji kati ya mashamba yanayopakana kwa kawaida huwa chini ya asilimia 1. Mpunga mwitu wa Oryza longistaminata, unaoota katika mabonde yenye maji nchini Tanzania, hupokea chavua ya nje kwa kuwa haujichavushi, lakini mbegu nyingi za mseto wake na mpunga wa shambani hufa kabla ya kukomaa.

Insha hii inalihamisha swali hilo kutoka mpunga kwenda muhogo, na kutoka mita kwenda miaka. Sababu ni kwamba Tanzania hailimi mpunga wa uhandisi jeni, ilhali muhogo wa kusini mwa nchi umekwisha kupitia tukio kamili la vinasaba vya mmea mgeni kuingia katika zao la chakula. Hoja yangu ni kwamba katika tukio hilo chavua ilifungua mlango tu. Aliyeamua kipi kiingie na kipi kibaki alikuwa mkulima, kwa pingili alizochagua kupanda na kugawa. Sheria inayopima mwendo wa chavua peke yake huacha nje nusu ya pili ya historia hiyo.

Maumbile ya muhogo yanaeleza kwa nini iko hivyo. Katika shada moja, maua ya kike hufunguka takriban siku 10 hadi 14 kabla ya yale ya kiume, jambo linalourahisishia mmea kupokea chavua ya mmea mwingine. Chavua yenyewe ni nzito na yenye kunata. Huchukuliwa na nyuki na wadudu wengine zaidi kuliko upepo. Tunda likikauka hupasuka na kurusha mbegu, na baadhi huota zenyewe. Hata hivyo, mkulima hapandi mbegu hizo, hupanda pingili. Kwa hiyo mche uliotokana na uchavushaji hubaki bila athari mpaka mtu auache ukue, aonje mizizi yake, kisha akate pingili zake. Kuhifadhi maotea ya namna hiyo ni desturi iliyoelezwa na watafiti katika sehemu mbalimbali za Afrika. Hapo ndipo mtiririko wa vinasaba hukamilika.

Mmea mgeni ninaouzungumzia ni Manihot glaziovii, jamaa wa muhogo kutoka kaskazini-mashariki mwa Brazili. Wajerumani waliupanda kwa ajili ya utomvu katika mashamba makubwa ya Afrika Mashariki, yakiwemo ya mwambao wa Lindi. Bei ya mpira ilipoporomoka mwaka 1913 kwa ushindani wa mashamba ya Asia, mashamba mengi yaliachwa, lakini miti ilibaki. Wananchi waliendelea kuuita mpira, wakaufanya ua na kivuli, na majani yake yakaingia jikoni kwa jina la kisamvu cha mpira. Mti wa mkoloni uligeuka mti wa uani, hatua chache kutoka muhogo, na miseto ya asili kati ya mimea hiyo miwili imeripotiwa.

Hatua iliyofuata ilitokea Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Mwaka 1936 H. H. Storey aliueleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao kwa desturi ulienea katika maeneo ya chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Nachingwea na Ruangwa zimo humo. Ubaya wake ni kwamba shina na majani vinaweza kuonekana vizima huku mizizi ikioza, na mkulima hugundua hasara siku ya kuchimba. Storey na R. F. W. Nichols waliamua kuhamishia ukinzani wa mpira katika muhogo. Mzao wa kwanza ulikuwa na mizizi isiyofaa kwa chakula, hivyo ulichavushwa tena na muhogo, kizazi baada ya kizazi. D. L. Jennings aliendeleza kazi hiyo mpaka mpango ulipofungwa mwaka 1957.

Mojawapo ya mazao ya mpango huo ni mseto nambari 46106/27, unaojulikana katika pwani ya Kenya kwa jina la Kaleso. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba Kaleso na Namikonga, aina inayolimwa na wakulima wa kusini mwa Tanzania, ni mmea mmoja. Mwaka 2016 usomaji wa jenomu ya muhogo ulithibitisha kwamba vipande vya kromosomu za mpira vimo ndani ya Namikonga. Mche wa maabara ulipoteza nambari yake, ukapata jina la kijijini, na ukahesabiwa kuwa wa kienyeji. Watafiti walipouhitaji tena kama chanzo cha ukinzani, waliukuta umehifadhiwa shambani.

Historia ya Nachingwea na Ruangwa inaongeza uzito wa jambo hili. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulileta Nachingwea matrekta na reli iliyofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 nayo ilihamisha kaya nyingi. Kwa kuwa muhogo hupandwa kwa pingili, kila kaya iliyohama ilipaswa kubeba zake au kuomba kwa wenyeji. Uhamaji wa watu ulikuwa pia uhamaji wa vinasaba, kwa umbali ambao nyuki hawezi kuufikia.

Sheria za sasa hazijatungwa kwa kuangalia mwendo huo. Kanuni za usalama wa bayoteknolojia za mwaka 2009 zilibeba wajibu mkali wa kisheria, zikalegezwa mwaka 2015 kwa ajili ya utafiti, na jaribio la mahindi likapandwa Makutupora, Dodoma, mwaka 2016. Januari 2021 Serikali ilisitisha majaribio hayo. Juni mwaka huohuo, Kenya iliidhinisha kuachiliwa katika mazingira kwa muhogo wa uhandisi jeni unaokinza michirizi ya kahawia. Mpaka kati ya nchi hizi hauzuii fungu la pingili juu ya baiskeli.

Yawezekana kupinga kwamba mseto wa Amani na zao la uhandisi jeni si kitu kimoja. Ni kweli: njia za kuvitengeneza ni tofauti, na mseto wa Amani haukuwekewa masharti ya umiliki. Lakini tofauti hiyo ndiyo inayoipa hoja yangu nguvu. Namikonga ilisambaa bila mtu kuulizwa wala kushtakiwa. Kipande cha kinasaba kinachomilikiwa kikipita njia ileile, kupitia maotea yaliyohifadhiwa kwa nia njema na pingili alizopewa shemeji, swali la nani awajibike litamwangukia mkulima asiye na njia ya kukitambua. Kwa sababu hiyo, tathmini yoyote ya usalama katika wilaya hizi inapaswa kuhesabu, pamoja na mita za chavua, desturi za kuhifadhi maotea na njia za kubadilishana pingili.