Hospitali Kwanza: Tulikotoka na Tulipofika

Leo tutazame tulikotoka.

Zamani, mwanamke au mtoto aliyebakwa alitumwa kwanza polisi kutafuta fomu ya P3. Akifika hospitali, alizungushwa mlango hadi mlango, na saa za dawa zikapita.

Mwaka wa 2001 Nairobi Women's Hospital ilifungua kituo cha kuwahudumia. Hospitali za wilaya za Thika, Malindi na Rachuonyo nazo zikajaribu kuunganisha matibabu, ushauri nasaha na ushahidi. Mwaka wa 2004 Wizara ya Afya ikatoa mwongozo kwa nchi nzima. Mwaka wa 2006 Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kingono, iliyowasilishwa na Njoki Ndung'u. Sheria hiyo husema gharama ya matibabu katika hospitali ya umma ni ya serikali.

Basi mama, jambo hili likikufika wewe au mtoto, nenda hospitali kwanza. Usimwoshe, wala usifue nguo. Zitie katika mfuko wa karatasi. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi huanzwa kabla ya saa 72 kwisha, na humezwa kwa siku 28. Hata ukichelewa, nenda. Kuna matibabu mengine. Kisha ripoti polisi.

Usikubali kesi imalizwe kwa mbuzi chini ya mti. Mtoto si wa kulipiwa fidia, ni wa kutibiwa na kulindwa.