Unyoya wa Mshale: Msamiati wa Mwindaji katika Historia ya Kiswahili



1. Utangulizi

Mhadhara huu unahusu kitu kidogo sana, yaani unyoya uliofungwa mkiani mwa mshale. Nitaeleza kwanza jinsi wawindaji wa Afrika walivyoukinga na kuuficha unyoya huo, kisha nitajadili nafasi ya maarifa hayo katika lugha yetu. Hoja yangu ni kwamba Kiswahili kimewapokea wasemaji wa lugha za wawindaji upesi kuliko kilivyoupokea msamiati wao, na kwamba pengo hilo litazibwa tu iwapo tutawasikiliza wazee wanaoijua kazi hiyo wakiwa wangali hai.

2. Msamiati tulio nao

Kiswahili si maskini katika uwanja huu. Neno uta, ambalo wingi wake ni mata, ni la kale: Wagikuyu na Wakamba husema ũta, na Wachewa husema uta. Upinde ni neno lililoundwa ndani ya lugha kutokana na kitenzi pinda, nalo limekaribia kulifukuza lile la kwanza. Uzi wa upinde ni upote. Kijiti cha mshale ni wano. Ncha yake ni chembe au kigumba. Ala ya kutilia mishale ni podo au ziaka, na hili la pili linafanana mno na thiaka la Kigikuyu.

Mshale wenyewe umehamia hata katika saa. Mtu asemaye kwamba atafika mishale ya saa nne hafikirii uwindaji hata kidogo. Lakini tukiugeuza mshale na kutazama mkiani, tunabaki na neno unyoya, lile lile la kuku na la mto wa kulalia. Lugha imetaja kwa makini sehemu inayoua, na imetaja kwa jumla tu sehemu inayoelekeza.

3. Kwa nini unyoya hukingwa

Unyoya hufanya kazi kwa kushika hewa. Mshale ukitoka upindeni hutikisika. Manyoya huuvuta nyuma kidogo, yakaunyoosha, na chembe ikatangulia. Ubapa wa unyoya umefanywa kwa vitawi vyembamba vilivyoshikamana kwa kulabu ndogo mno. Ndege aliye hai huzipanga kulabu hizo kwa mdomo wake na kuzipaka mafuta ya mwili wake. Unyoya uliokatwa na kufungwa kwenye wano kwa ukano hauna tena mtunzaji huyo. Ukilowa umande hulala, ukibanwa hupinda, ukihifadhiwa vibaya huliwa na wadudu. Mshale wenye manyoya yaliyolala hupotoka, na mwindaji aliyenyatia kwa saa nzima hupoteza mnyama kwa sababu ya tone la maji.

Aidha, unyoya unaweza kumsaliti mwenyewe. Manyoya makavu yakisuguana hutoa sauti, na unyoya mweupe ukitikisika nyikani huonekana. Kwa hiyo kuukinga na kuuficha ni kazi moja.

4. Njia nne za kale

Njia ya kwanza ni podo lenye kifuniko. Podo la ngozi lenye umbo la bomba, kama lile la Wakamba, huufunika mshale wote. Mshale wa sumu hutiwa kichwa chini, ili mkono usiguse hatari, na manyoya hubaki juu, chini ya kifuniko, ambako mvua, miiba na macho ya mnyama hayafiki.

Njia ya pili ni ya Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, ambao mara nyingi huibeba mishale mkononi pamoja na upinde. Hapa kinachofungwa ni kichwa: sumu huviringishiwa ukanda wa ngozi. Manyoya, yakiwemo ya kanga, hukaa wazi, na kinga yake ni jicho na mkono wa mwenyewe, ambaye hukagua na kutengeneza mishale yake kila apatapo wasaa kambini.

Njia ya tatu inapatikana katika msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo. Huko mvua na majimaji ya msituni hayaupi unyoya nafasi. Wambuti huupasua mkia wa mshale wao mdogo wa sumu na kupachika jani. Jani likiharibika, lingine lipo hatua mbili mbele. Badala ya kukilinda kitu kisichodumu, wamechagua kitu kisichohitaji kulindwa.

Njia ya nne ni kuuacha unyoya kabisa. Wasani wa Kalahari hutumia mishale myepesi ambayo kwa kawaida haina manyoya. Hivyo hawana budi kumkaribia mnyama sana kabla ya kufyatua.

Kuna pia kinga iliyomo katika umbo la mshale wenyewe. Katika mishale mingi ya sumu ya Afrika Mashariki, kipande cha mbele kinachobeba chembe hubaki mwilini mwa mnyama, na wano lenye manyoya huanguka. Mwindaji huliokota na kulitumia tena. Chuma na sumu vimetolewa, unyoya umeokolewa.

5. Wawindaji katika kumbukumbu za Waswahili

Watu hawa hawakuwa mbali na pwani. Katika Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, Wasanye na Wadahalo wanashawishiwa wamuue shujaa huyo. Wanapanga kula makoma, kila mtu apande mti kwa zamu yake, ili Liyongo akiwa juu wamfume. Zamu yake ilipofika, yeye aliyaangusha makoma kwa mishale akiwa chini. Mtungaji aliona kwamba wapinzani wanaofaa kwa mfumaji hodari ni wawindaji wa bara la karibu.

Vivyo hivyo, Wawaata wa nyika ya Tsavo walitumia pinde ambazo kuzivuta kulihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45, nao waliwinda tembo, mnyama ambaye pembe zake zilikuwa miongoni mwa bidhaa kuu za bandari zetu kwa karne nyingi. Historia ya miji ya mawe imewataja wafanyabiashara kwa majina. Waliofunga unyoya kwenye wano hawakutajwa.

6. Kuficha kwa maana mpya

Mwaka 1948 Hifadhi ya Taifa ya Tsavo ilianzishwa. Mnamo 1956 na 1957 ilifanyika operesheni kubwa dhidi ya ujangili, na Wawaata wengi walifungwa. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Sipingi ulinzi wa wanyama. Tembo walihitaji kulindwa. Ninachosema ni cha kiisimu. Kazi ikigeuzwa kuwa kosa, mwenye mshale hupata sababu mpya ya kuuficha, na pamoja na mshale huyaficha maneno yake. Baba hamfundishi mwanawe istilahi ambazo zinaweza kuwa ushahidi.

Wakati huo huo, Kidahalo, lugha ya Kikushi yenye sauti za kidoko, kinaachwa na wasemaji wake, ambao wanahamia Kiswahili. Wanakuja kwetu mikono mitupu, si kwa sababu hawakuwa na kitu, bali kwa sababu hatukuwauliza.

7. Funzo kutoka kwingine

Sumu ya mishale imepata waandishi wake. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa Arnaud aliitenga sumu ya mti wa Acokanthera, na jina lake la kisayansi limetokana na neno la Kisomali, waabaayo. Unyoya nao ulipata mwandishi, lakini Uingereza. Mwaka 1545 Roger Ascham, msomi wa Kigiriki wa Cambridge, alichapisha kitabu kiitwacho Toxophilus kuhusu upigaji upinde. Aliugawa mshale katika sehemu kuu tatu, yaani kijiti, manyoya na ncha, na akayajadili manyoya kwa urefu. Aliandika kwa Kiingereza, katika zama ambazo wasomi waliandika kwa Kilatini, na ikambidi aeleze sababu zake. Mwaka huo huo ilizama merikebu iitwayo Mary Rose. Ndani yake zilipatikana duara za ngozi zenye matundu 24, za kutenganisha mishale ili manyoya yasipondwe. Kwa hiyo Waingereza wanacho kifaa na wanayo maelezo.

8. Hitimisho

Sisi tunavyo vifaa katika makumbusho; maelezo bado yako vinywani mwa watu. Nawaomba wanafunzi mnaokwenda kufanya utafiti msiishie kuuliza jina la mshale. Ulizeni unyoya wa bawa la kulia unaitwaje, na wa kushoto. Ulizeni jina la ukano unaoufunga, la kifuniko cha podo, la tendo la kuukinga na umande, la mshale uliopotoka kwa kulowa. Andikeni jibu katika lugha ya mzee mwenyewe kwanza, ndipo mlilete katika Kiswahili.

Kamusi isiyo na maneno hayo itaendelea kutuambia jinsi mshale unavyoua. Haitatuambia unavyofika.