Muhula wa Pili: Desturi, Sheria na Neno

Tunaposema kwamba rais yu katika muhula wake wa pili, twatumia neno lenye historia. Muhula, kwa asili yake ya Kiarabu, ni nafasi apewayo mtu kabla ya kutakiwa kulipa deni au kutimiza jambo. Ni muda wa kuazima, wala si mali. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi maana hiyo ilivyoshikamana na cheo cha urais, kwanza Marekani, kisha kwetu.

Katiba ya Marekani iliyotungwa mwaka 1787 haikuweka mpaka wa idadi ya vipindi. George Washington alichaguliwa mwaka 1789 kwa kura za wajumbe wote 69, na mwaka 1792 kwa kura za wote 132. Mwaka 1796 akakataa kuchaguliwa mara ya tatu. Wengi husema kwamba yeye ndiye aliyeweka kanuni. Lakini mwaka 1788 alikuwa ameandika kwamba haoni sababu ya kuwazuia watu wasimchague tena mtu wanayemhitaji. Aliondoka kwa uchovu na kwa kutamani shamba lake. Aliyeifanya desturi hiyo kuwa hoja ni Thomas Jefferson. Mwaka 1807 alionya kwamba cheo kisicho na mpaka, ingawa chaitwa cha miaka kadha, hugeuka kuwa cha maisha, na cha maisha hugeuka kuwa cha kurithiwa. Madison na Monroe wakafuata. Desturi ilidumu hata Franklin Roosevelt alipoivunja mwaka 1940, na sheria ikaja mwaka 1951. Huko, basi, desturi ilitangulia sheria.

Onyo la Jefferson laeleweka upesi katika milima ya Uluguru. Huko Kinole, mrithi wa Kingalu hulitwaa jina lenyewe, hata ikawa kwamba Kingalu hafi. Hata hivyo mamlaka yake yalikuwa na mipaka, kwa kuwa kila ukoo, uliohesabiwa kwa upande wa mama, ulikuwa na ardhi yake na wakubwa wake. Utawala wa Waingereza ndio uliosimamisha Sultani mmoja juu ya Uluguru wote. Mwaka 1955, watu walipokataa kazi ya kuchimba matuta ya ngazi milimani, hawakuwa na siku ya uchaguzi ya kungojea. Walikusanyika Matombo, ghasia ikazuka, mtu mmoja akauawa, na mpango wa matuta ukaachwa. Pasipo muhula, raia hubakiwa na ghasia tu. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kwa sheria.

Katika jamhuri mpya mambo yalikwenda kinyume cha Marekani. Mwalimu Nyerere alimshinda Zuberi Mtemvu mwezi wa Novemba 1962 kwa kura zaidi ya milioni 1, kisha akachaguliwa mwaka 1965, 1970, 1975 na 1980, bila sheria yo yote kumzuia. Mpaka wa mihula miwili ya miaka mitano uliwekwa mwaka 1984, naye akang'atuka mwaka 1985. Mwinyi, Mkapa na Kikwete kila mmoja alitimiza miaka 10 akaondoka. Kwetu, basi, sheria ilitangulia, na desturi ikajengwa na watu watatu walioitii.

Magufuli alipofariki Machi 2021, ilikuwa imesalia zaidi ya miaka minne katika muhula wake. Katiba yasema kwamba makamu anayeushika urais ikiwa imesalia miaka mitatu au zaidi aweza kuchaguliwa mara moja tu. Rais Samia alitangazwa mshindi mwaka 2025. Kwa hiyo sheria hiyo haimpi muhula mwingine.

Lakini yafaa ikumbukwe kwamba sheria huondolewa na sheria. Uganda iliweka mpaka mwaka 1995, ikaufuta mwaka 2005, kabla haujamwondoa hata rais mmoja. Hapo sheria ilikosa desturi ya kuisimamisha. Desturi yetu ni changa, wala haina mlinzi ila raia, aliye mwenye deni; naye hana budi kuijua siku ya kudai.