Kupiga picha treni za mvuke za Harz kwa lenzi za zamani

Katika milima ya Harz, Ujerumani, injini za mvuke bado zinafanya kazi. Zinawapandisha abiria kutoka mji wa Wernigerode hadi karibu na kilele cha Brocken, mlima wa mita 1,141 ambao ndio mrefu kuliko yote kaskazini mwa nchi hiyo. Safari ni ya kilomita 34 hivi, na kando ya njia huwa hawakosekani watu wenye kamera. Baadhi yao hubeba lenzi zenye umri unaokaribia ule wa injini zenyewe.

Lenzi na injini hizo ni za nchi moja ambayo sasa haipo. Injini kubwa nyeusi zinazotumika zaidi kwenye njia ya Brocken zilikuwa 17, na ziliundwa Babelsberg, karibu na Berlin, kati ya 1954 na 1956. Lenzi za Carl Zeiss Jena, Meyer-Optik ya Görlitz na Pentacon ya Dresden nazo zilitoka Ujerumani Mashariki. Lakini tangu 1961 kilele cha Brocken kilikuwa eneo la kijeshi la mpakani, na raia wa kawaida hakuruhusiwa kufika, sembuse kupiga picha. Kilifunguliwa tena tarehe 3 Desemba 1989, baada ya waandamanaji kufika langoni na kudai waingie. Treni za abiria zilirudi huko baadaye. Kwa hiyo lenzi nyingi kati ya hizi ziliuzwa zikiwa mpya wakati ambapo hakuna mnunuzi aliyeweza kuielekeza kwenye treni ya Brocken kule juu.

Msomaji wa Afrika Mashariki atatambua kitu kingine: reli za Harz zina upana wa mita moja, sawa na reli ya zamani ya Mombasa hadi Uganda na ile ya kati ya Tanzania iliyojengwa na Wajerumani.

Lenzi hizi hazina mota wala waya wa kuwasiliana na kamera. Nyingi hufungwa kwa skrubu ya kipenyo cha milimita 42, na adapta ya bei nafuu inatosha kuziunganisha na kamera za dijitali za siku hizi. Kamera haitajua kwamba ina lenzi, hivyo ni lazima kwanza uiruhusu kwenye menyu ipige picha bila lenzi. Kabla ya kununua, imulike kwa tochi uangalie kama kuna ukungu kwenye vioo. Ukiuona, iache hata kama bei ni ya kuvutia.

Ugumu wenyewe ni fokasi. Treni inayokwenda kilomita 36 kwa saa hukata mita 10 kila sekunde, na hakuna mkono unaoweza kuzungusha pete ya lenzi kwa mwendo huo huku picha ikibaki kali. Wazoefu hawaifukuzi treni. Huchagua mahali, kwa mfano jiwe au nguzo kando ya reli, huweka fokasi hapo, kisha husubiri injini ifike. Kwa lenzi ya milimita 135 iliyofunguliwa hadi f/4 na kulengwa mita 30, vitu vilivyo kati ya mita 25 na 37 hivi ndivyo vitakavyoonekana vikali. Injini hupita nafasi hiyo kwa sekunde moja na kidogo. Anayeanza afadhali atumie lenzi ya milimita 50, aifunge hadi f/8 na kuilenga mita 10: kila kitu kuanzia mita 5 na kuendelea kitakuwa sawa. Haya ni makadirio ya kamera ya ukubwa wa filamu ya milimita 35.

Sisi tuliwahi kufanya yote hayo sawasawa na bado tukaikosa treni, kwa sababu glavu iligusa pete dakika ya mwisho. Tangu siku hiyo tunabeba kipande cha gundi ya karatasi cha kuishikilia.

Mwangaza nao upangwe mapema. Wingu jeupe likijaa kwenye picha, kamera hudhani mwanga umezidi na kuifanya injini iwe pande la giza lisilo na umbo. Pima mwanga kwenye nyasi au kokoto kabla treni haijafika, kisha usibadilishe kitu. Ukipiga kuelekea jua, mvuke utang'aa vizuri sana, lakini lenzi za zamani hupoteza weusi haraka, kwa hiyo ikinge kwa mkono au kofia.

Wingu hilo jeupe kwa kweli ni matone ya maji. Siku ya joto hukauka hewani mara tu yanapotoka kwenye bomba, ilhali kwenye baridi kali hutanda juu ya mabehewa yote. Ndiyo maana wapiga picha huipenda Januari. Sababu ya pili inasikitisha zaidi: tangu ukame wa 2018 misonobari mingi ya Harz imekufa kwa kuliwa na mbawakawa wa magome, na hatari ya moto inapopanda wakati wa kiangazi, injini za dizeli huchukua nafasi ya zile za mvuke. Mtu anaweza kusafiri mbali na akaikuta dizeli.

Simama upande wa mpando, kwenye njia za watembea kwa miguu, kamwe si juu ya reli. Treni inapopanda, injini hutanguliza bomba lake mbele na kuhema kwa nguvu. Ikiteremka hurudi kinyumenyume, karibu bila mvuke, na wengi hufunga mikoba yao. Sisi huibakiza picha moja kwa ajili yake.