Senti ya Bahati na Thamani Yake



Katika kumbukumbu za miaka 10 hii tumeona tusiiache ile senti ya bahati, maana siku ilipoletwa mkutanoni maneno yalikuwa mengi. Mwenzetu mmoja alipewa na mgeni kutoka Marekani, akataka iwe dhamana ya mkopo. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amemwambia eti ni mali ya malaki, kwa kuwa Marekani iliacha kutengeneza senti za matumizi Novemba 2025.

Basi tueleze asili yake. Ni senti moja ya Marekani iliyobanwa katikati ya pete pana ya alumini, madini yale yale ya sufuria zetu. Senti huwekwa kwenye tundu la pete, mashine inagonga maandishi, na ule mgandamizo unaibana isitoke tena. Zilijulikana sana mwaka 1901 kwenye maonyesho makubwa ya mji wa Buffalo. Jamani, ni maonyesho hayo hayo ambayo Rais McKinley alipigwa risasi, akafa. Bahati gani hiyo!

Baadaye maduka na mabenki yakazigawa kama matangazo. Nyingine zina umbo la kiatu cha farasi, ambacho wenzetu wa huko wanaamini kinaleta bahati, na maandishi yenye maana kwamba ukinitunza hutafilisika. Sisi tulicheka. Benki inakupa senti, imeifunga usiweze kuitumia, halafu inakwambia hutafilisika!

Afadhali bwana John Gault. Mwaka 1862, wakati wa vita vyao, chenji ilipoadimika, alifunga stempu za posta ndani ya vikasha vya shaba vyenye kioo cha ulanga, watu wakanunulia vitu. Hata mama zetu walizitunga kwa uzi zile senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki zenye tundu, lakini siku ya soko uzi ulifunguliwa.

Wanaozikusanya hutazama kwanza pete: maandishi ya wapi, ya mwaka gani, imechubuka au haikuchubuka. Kisha senti. Ikicheza ndani ya pete, au mwaka wake haulingani na wa pete, wanashuku imebadilishwa. Ukiing'oa umeharibu vyote viwili. Za 1901 zina bei nzuri, lakini hii ya mwenzetu ni ya maonyesho ya New York ya 1964, na senti za mwaka huo zilitengenezwa kwa mabilioni. Pete za namna hiyo huuzwa kwa dola chache tu. Kuacha kutengeneza senti hakukuzifanya zile za zamani ziwe adimu, kwani bado zimejaa majumbani mwa watu.

Kamati haikuipokea. Mwenzetu alikopeshwa kwa hisa zake na wadhamini wawili, akanunua cherehani, deni akalimaliza kwa miezi mitano. Senti iko kabatini kwake, anayetaka kuiona apige hodi.