Papai, Pono na Neno "Maumbile"

Katika soko la Kariakoo, mjini Dar es Salaam, mapapai ya namna mbili hupangwa pamoja: ya mviringo na marefu. Aghalabu la mviringo huzaliwa na mpapai jike, na refu huzaliwa na mpapai huntha, ambao ua lake moja lina viungo vya kiume na vya kike. Joto likizidi, maua ya huntha huyo huweza kugeuka yakawa ya kiume. Mkulima huyajua hayo kwa macho, wala hayamshangazi.

Karibu na bahari, katika soko la samaki la Kivukoni, huuzwa chewa na pono. Wengi wa jamaa hizo huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao hugeuka madume wakisha kukua. Kwa hiyo mvuvi achaguaye wakubwa tu huwapunguza madume, na uzazi wa mwambani huweza kudhoofika. Kutojua tofauti hizi kuna hasara yake.

Wanavyuoni wameyatafakari mambo haya tangu kale. Watu walidhani kila fisi ni huntha. Aristotle aliwakanusha katika karne ya 4 K.K. Fisi mwenye madoa wa Serengeti na Ngorongoro, aliyechunguzwa na Hans Kruuk katika miaka ya 1960, si huntha; lakini kiungo cha jike hufanana mno na cha dume, na majike ndio watawala wa ukoo. Mwaka 1999 Bruce Bagemihl alikusanya habari za mamia ya aina za wanyama na ndege ambao wa jinsi moja hupandana au huishi wawili wawili.

Mafakihi wa Kiislamu walimwekea huntha nafasi katika elimu ya mirathi. Sheria ya Waingereza ilishika njia nyingine: Kanuni ya Adhabu waliyoirithisha Tanganyika, katika fungu la 154, ingali ikiadhibu tendo liitwalo la kinyume cha maumbile.

Papai halihalalishi tendo la mtu, wala pono hamtungii mtu sheria. Haki za watu hupimwa kwa utu wao, kwa ridhaa na kwa madhara. Lakini mtu ayaitaye maumbile mahakamani kuwa shahidi hana budi kuusikiliza ushahidi wote, pamoja na ule uliopangwa juu ya meza za Kariakoo.